Homa ya Bonde la Ufa: vipimo vya ukali

Homa ya Bonde la Ufa husababishwa na kirusi kilichotambuliwa karibu na Naivasha, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930 kufuatia vifo vya kondoo. Mwishoni mwa 2020 iliwazukia wafugaji wa Sericho, Garbatulla, kaunti ya Isiolo. Kufikia Februari 2021, kaunti za Isiolo na Mandera zilikuwa na wagonjwa 32 na vifo 11. Maabara ilithibitisha wagonjwa 14 tu.

Wengi huugua kama mafua makali, wakapona. Wachache, chini ya asilimia 1, huvuja damu, na karibu nusu yao hufa. Kuwatambua mapema ni kazi ya vipimo vya damu. Kipimo cha PCR, kinachozidisha vinasaba vya kirusi kwa mizunguko hadi vionekane, hutoa namba ya mizunguko hiyo, ambayo huwachanganya wengi: ikiwa ndogo, virusi ni vingi, na virusi vingi ni dalili mbaya. Baada ya siku kadhaa virusi hupungua na kingamwili za IgM huonekana; hizo huthibitisha maambukizi, lakini hazisemi hali ya mgonjwa itakuwaje.

Kwa tabibu aliye mbali na maabara za Nairobi, vipimo vya kawaida ndivyo vyenye msaada wa haraka. Vimeng'enya vya ini, AST na ALT, vikipanda sana, ini linaharibika. Kreatinini ikipanda, figo zinalegea. Chembe sahani zikishuka, damu haitaganda vizuri. Jibu moja halitoshi: vipimo hurudiwa, majibu yakalinganishwa. Damu yenyewe huambukiza, hivyo mpimaji huvaa glavu na kinga ya macho.