Kitetemeshi

Kitetemeshi ni chombo chenye mota ndogo kinachotetemeka ili kuleta raha ya ngono, kwa mtu peke yake au kwa wenzi. Kitetemeshi cha umeme kiliundwa na daktari Mwingereza Joseph Mortimer Granville mwanzoni mwa miaka ya 1880 kwa maumivu ya neva na misuli. Masimulizi kwamba madaktari wa zama hizo walikitumia kuwafikisha wanawake kileleni hayana ushahidi wa kutosha.

Aina hutofautiana kwa mahali zinapogusa. Cha nje hulenga kisimi, na ndicho kinachomfaa zaidi anayeanza, kwa kuwa wanawake wengi hawafiki kilele kwa kuingiliwa pekee. Msingi huohuo wa kusisimua kisimi umo katika kunyaza, mbinu isiyohitaji chombo, maarufu Rwanda na inayojulikana pia mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Cha ndani huingizwa ukeni; cha pande mbili hugusa ndani na nje pamoja. Cha njia ya haja kubwa lazima kiwe na kitako kipana, la sivyo huweza kuzama mwilini.

Silikoni ni bora kuliko plastiki laini za bei rahisi, ambazo zina vitundu vinavyohifadhi vijidudu na huenda zikawa na kemikali za ftalati. Kiwango cha kimataifa cha usalama, ISO 3533, kilitolewa mwaka 2021. Chombo cha silikoni hutumiwa na kilainishi cha maji, huoshwa kwa sabuni, na huvishwa kondomu mpya kikishirikiwa.

Mahali penye umeme haba, kama Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, kitetemeshi cha betri za kawaida au kinachochajiwa kwa paneli ya jua hufaa kuliko cha waya.