Watoto Waliomfichua Baba: Stephen Hopkins kabla ya Mayflower

Unapomtafuta babu aliyehama Uingereza miaka 400 iliyopita, jina lake laweza kuwa mtego wa kwanza. Mchukue Stephen Hopkins, aliyepanda meli ya Mayflower mwaka 1620 kwenda Amerika. Kwa muda mrefu vitabu vya nasaba vilisema kwao ni Wotton-under-Edge, Gloucestershire. Kulikuwa na akina Hopkins huko, na jina lilifanana. Basi, wengi wakanakili bila kuuliza.

Tatizo ni aina ya kumbukumbu zilizopo. Serikali ya Uingereza ilianza kusajili vizazi na vifo mwaka 1837 tu. Kabla ya hapo tunategemea madaftari ya parokia, yaliyoanzishwa kwa amri ya Thomas Cromwell mwaka 1538: ubatizo, ndoa, mazishi. Kwa ubatizo, mara nyingi padri aliandika mstari mmoja tu, yaani tarehe, jina la mtoto, jina la baba. Mama hata hatajwi. Ukikuta Stephen wawili wenye ukoo mmoja, utawatofautishaje?

Mwaka 1998 mtafiti Caleb Johnson alichapisha jibu, na njia yake ndiyo iliyonivutia. Badala ya kumng'ang'ania Stephen, aliwafuata watoto. Gavana William Bradford aliacha orodha ya abiria wa Mayflower, na humo aliandika kwamba Hopkins alikuja na watoto wawili wa mke wa awali, Giles na Constance. Akina Stephen Hopkins wanaweza kuwa wengi. Lakini Stephen Hopkins mwenye Giles na Constance pamoja, hao ni wachache mno.

Walikuwa Hursley, kijiji cha Hampshire karibu na Winchester. Elizabeth alibatizwa 1604, Constance tarehe 11 Mei 1606, na Giles tarehe 30 Januari 1608. (Hapa angalia: daftari la Giles linasoma 1607. Enzi hizo mwaka mpya wa Uingereza ulianza Machi 25, na hali hiyo iliendelea mpaka 1752. Usipolijua hili utamkosea mtu umri kwa mwaka mzima.) Mama yao, Mary, alizikwa hapo hapo tarehe 9 Mei 1613, na karatasi za mirathi yake zinawataja watoto wote watatu.

Sasa rudi nyuma kidogo. Mwaka 1609 Hopkins alikuwa kwenye meli ya Sea Venture iliyokuwa ikielekea Virginia, ikavunjikia Bermuda. Akiwa kisiwani alidai kwamba baada ya meli kuvunjika gavana hakuwa tena na mamlaka juu yao. Akahukumiwa kifo kwa uasi. William Strachey, aliyekuwepo, anaeleza jinsi alivyolia na kuomba, akisema mkewe na watoto wake wataangamia. Akasamehewa.

Wasomaji wa Strachey waliijua habari hiyo kwa karne nyingi, lakini mke na watoto wale hawakuwa na majina. Kumbe ni Mary, na watoto watatu wadogo pale Hursley, mdogo kabisa akiwa na karibu miaka miwili. Mary alipofariki, Giles alikuwa na miaka mitano.

Binafsi nisingeridhika na majina mawili yaliyolingana tu. Kinachonishawishi ni mengine yanayokaa sawa nayo: Mary alifariki 1613, Hopkins akaoa tena London mwaka 1618, na Bradford anamtaja mke wa awali. Baadaye, mwaka 2012, ukachapishwa ubatizo wa Stephen mwenyewe: Upper Clatford, tarehe 30 Aprili 1581. Ni Hampshire hiyo hiyo.

Constance na Giles walivuka bahari na baba yao na mama wa kambo. Elizabeth, yule wa kwanza, hayumo kwenye orodha ya Bradford.