Kilengeo cha Tundu

Kati ya Thika na Ruiru, upande wa Juja, William Northrup McMillan, tajiri kutoka Marekani, alikuwa na shamba kubwa. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais, alifikia shambani hapo katika safari yake ya kuwinda. Macho yake yalikuwa dhaifu, na la kushoto lilikuwa limeharibiwa na ngumi ya ndondi. Wenye macho dhaifu ndio wanaofaidi zaidi kifaa cha kulengea tunachokizungumzia.

Bunduki nyingi za zamani za kuwindia zina mwanya wa umbo la V nyuma na ncha mbele. Mlengaji analazimika kutazama mwanya, ncha na mnyama kwa pamoja, na jicho haliwezi kuviona vyote vitatu sawasawa. Ukiweka kibati chenye kitundu badala ya mwanya, kazi inapungua. Jicho hutazama kupitia kitundu na kutafuta lenyewe katikati, penye mwanga mwingi. Wewe unabaki na ncha na mnyama tu. Kitundu pia hunoa uoni: aliyesahau miwani na atoboe karatasi kwa sindano, asomee hapo, ataamini. G3, bunduki iliyozoeleka mikononi mwa askari wa Kenya, inavyo vyote viwili: V ya mita 100, na matundu ya mita 200, 300 na 400.

Tukiite nini? Wengi husema “darubini”, lakini hapa hakuna kioo. “Shabaha” ni kile kinacholengwa. Kutokana na kulengea tunapata kilengeo, kama kuegemea kulivyotupa kiegemeo. Wala si cha shimo: shimo lina kina na mwisho. Tundu hupenya upande wa pili, kama la ufunguo. Basi ni kilengeo cha tundu. Na kikiacha kuelekeza risasi inapotakiwa, tusikimbilie kusema kimepinda. Mara nyingi chuma ni kizima, ila kimehama.

Huhama kwa skrubu kulegea, bunduki kuanguka, au mbao za kitako kuvimba kwa mvua. Kwa hiyo anza na skrubu. Kisha ilaze bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga risasi tatu, utazame zilipokusanyika. Risasi moja si ushahidi. Kilengeo cha nyuma husogezwa upande unaotaka risasi iende, cha mbele kinyume chake. Hapa ndipo wengi hukosea, wakaongeza kosa badala ya kuliondoa.

Kiasi cha kusogeza hupatikana kwa hesabu: zidisha kosa la risasi kwa umbali kati ya vilengeo viwili, ugawe kwa umbali wa shabaha. Risasi zikienda sentimita 10 kushoto kwenye mita 100, na vilengeo vikiwa vimeachana sentimita 70, kitundu kisogee kulia milimita 0.7. Ni kidogo mno kukisia kwa nyundo, ingawa wapo wanaojaribu.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mwenye leseni ya bunduki anayeishi Thika au Ruiru leo hana mnyama wa kumlenga. Hata hivyo, kilengeo kikihama, ampelekee bunduki fundi mwenye kibali, akaijaribu kwenye uwanja rasmi wa shabaha, na risasi zote zitolewe kabla bisibisi haijagusa chochote.