Somo wa Kipaimara

Wakatoliki wanaosema Kiswahili humwita "somo" mtakatifu mwenye jina lao. Ni neno lilelile tunalomwitia mtu wa mtaani tuliyeitwa naye jina moja. Somo wa ubatizo huchaguliwa na wazazi, mtoto angali mgongoni. Kwenye kipaimara mambo ni mengine. Kijana anasimama mwenyewe, msimamizi amemwekea mkono wa kuume begani, askofu anamwita kwa jina na kumchora msalaba wa krisma kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Pale ambapo desturi ya jina la kipaimara ingalipo, mara nyingi hilo ndilo jina la kwanza alilojichagulia maishani.

Hakuna sheria ya Kanisa zima inayomlazimisha mtu kuchukua jina jipya siku hiyo. Ni desturi, na imepita njia ndefu. Mwaka 1281, kwenye sinodi ya Lambeth, Askofu Mkuu John Peckham aliwaagiza mapadre wa Uingereza wasikubali watoto, hasa wa kike, wabatizwe kwa majina ya aibu. Jina la namna hiyo likiwa limekwisha kutolewa, askofu alibadilishe wakati wa kipaimara. Badiliko hilo halikuishia kanisani. Familia moja ya Norfolk, akina Gawdy, ilikuwa na wana watatu wote wakiitwa Thomas. Mmoja wao akachukua jina la Francis kwenye kipaimara, na ni kwa jina hilo alilobaki nalo ndipo akawa jaji mkuu wa mojawapo ya mahakama kubwa za nchi. Huko Ufaransa, mtoto wa mfalme aliyebatizwa Alexandre-Édouard alipata jina la Henri kwenye kipaimara mwaka 1565, na baadaye akatawala kama Henri III. Mdogo wake Hercule, aliyepewa jina la shujaa wa hekaya za Wayunani, akawa François.

Huku kwetu jambo liligusa pengine kabisa. Wamisionari walikuja na masomo wa kwao, na Sheria ya Kanisa ya 1917 ikamtaka paroko, pale wazazi wasipokubali jina la Kikristo, aongeze mwenyewe jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Hivyo mtoto akawa na jina la nyumbani na jina la kitabuni. Lakini ukisoma orodha ya mashahidi wa Uganda unakuta Kizito, Gyavira, Mugagga. Majina ya Kiganda, peke yake. Vijana hao walikuwa bado kwenye mafundisho hasira ya Kabaka Mwanga ilipowaka. Usiku wa kuamkia 26 Mei 1886, huko Munyonyo, kiongozi wao Karoli Lwanga akawabatiza kwa siri. Tarehe 3 Juni Kizito alichomwa moto Namugongo, akiwa na umri wa miaka kama 14. Hakupata kusimama mbele ya askofu na msimamizi nyuma yake. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake tarehe 18 Oktoba 1964, na tangu hapo vijana wa kipaimara wanaweza kumchagua yeye.

Mimi sikuchagua. Jioni ya mwisho ya mafundisho daftari lilipitishwa kwenye mabenchi, nami nikaandika jina la mwenzangu wa mbele, bila kujua hata mtakatifu huyo aliishi nchi gani. Linaniuma mpaka leo, kwa sababu ningeweza kusimuliwa habari za Mtakatifu Bakhita.

Alizaliwa Darfur yapata mwaka 1869. Waliomteka akiwa mtoto mdogo walimtisha hata akasahau jina aliloitwa na mama yake. Hao hao ndio waliompa jina la Bakhita, neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na "bahati" yetu. Tarehe 9 Januari 1890, huko Venice, alipokea ubatizo, kipaimara na komunyo kwa siku moja, akaitwa Giuseppina Margherita Fortunata. Hilo la mwisho ni Bakhita kwa Kiitalia: jina la watekaji lilikuwa limeoshwa majini likarudi kwake. Baadaye walimwona mara nyingi akiinama kukibusu kisima cha ubatizo.