NOZELI ZA SUBARU ZA TABO: KUZIKAGUA, KUZIBADILISHA NA MAMBO YANAYOENDANA NAZO

Leo tunaingia gereji. Wenye Impreza WRX, STI na Forester za tabo ni wengi sana siku hizi, Dar mpaka Nairobi, na haishangazi. Impreza ndiyo ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 na Richard Burns. Ndinga zenyewe tunaziletewa kutoka Japani zikiwa zimeshatumika, na ugonjwa mmoja unaosumbua wengi ni wa nozeli.

Mimi si injinia, nimeishia kidato cha nne. Ila nashinda sana gereji na nasoma vitabu vya mafundi vya hizi gari. Nimekusanya hapa yale ya msingi ili ukienda kwa fundi usipigwe, na ukiamua kufanya mwenyewe usije ukaunguza gari.

Neno la kushika kwanza ni hili: kwenye gari ya tabo nozeli mbovu haiishii kwenye nozeli. Inaua injini.

NOZELI INAFANYA NINI

Nozeli ni bomba dogo la umeme linalopuliza petroli kwenye njia ya hewa inayoingia kwenye silinda. Kompyuta ya gari (mafundi wanaita kontroboksi) inaifungua na kuifunga kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mzima wa kazi wa silinda moja unachukua milisekunde 20 tu. Humo ndimo nozeli inatakiwa ifunguke, ipulize na ifunge.

Injini za EJ20 zina silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Ukihesabu kutokea mbele ya gari, namba 1 na 3 ziko upande wa kulia, 2 na 4 upande wa kushoto. Zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Kariri hiyo, itakusaidia ukisoma makosa kwenye mashine.

KWA NINI NOZELI MOJA INAUA INJINI

Nozeli ikiziba, silinda yake inapata hewa nyingi na mafuta kidogo. Tabo ikisukuma, moto unakuwa mkali kupita kiasi na injini inaanza kugonga. Pistoni za hizi injini huvunjika pale panaposhika ringi. Baada ya hapo ni moshi wa bluu na injini kushushwa.

Ubaya wake ni kwamba kompyuta inaweza isikuambie. Sensa ya oksijeni inasoma moshi wa silinda zote nne ukiwa umeshachanganyika. Nozeli moja ikibana, kompyuta inaona mafuta yamepungua, inaongeza kwa zote. Silinda tatu zinapata mafuta mengi, moja bado ina njaa, na kwenye hesabu ya wastani kila kitu kinaonekana safi. Usiseme "taa haijawaka" ukadhani uko salama.

Kuna na upande wa pili, nozeli kuvuja. Petroli inaingia kwenye silinda hata gari ikiwa imezimwa, inaosha oili kwenye kuta na kushuka mpaka kwenye sampu. Chomoa kijiti cha oili unuse. Kikinuka petroli, usiendeshe mpaka ijulikane sababu.

DALILI NA VIPIMO

- Gari haishiki sailensa vizuri, inatetemeka asubuhi.
- Inamisi ukikanyaga, hasa tabo ikianza kusukuma.
- Mafuta yanaisha haraka, moshi mweusi.
- Mashine inasoma P0301 mpaka P0304 (silinda namba fulani inamisi), P0201 mpaka P0204 (umeme wa nozeli), au P0171 (mafuta kidogo).

Kabla hujalaumu nozeli, anza na vya bei rahisi: plagi, koili na mipira ya hewa iliyopasuka. Hamisha koili kutoka silinda moja kwenda nyingine. Kosa likihama nayo, nozeli haina hatia.

Kisha sikiliza. Weka bisibisi ndefu kwenye nozeli, mpini sikioni, injini ikiwa inanguruma. Nzima inasikika tik-tik-tik. Iliyo kimya ina tatizo, la kwake au la waya wake. Pima na mita: nozeli nyingi za hizi gari husoma kama omu 11 mpaka 16. Zipo za aina nyingine zenye omu 2 mpaka 4, ambazo hutumia kipunguza umeme pembeni. Usichanganye aina hizi mbili, utaunguza kompyuta.

Na si kila nozeli iliyochoka ni ya kutupa. Kusafishwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti na kupimwa mtiririko hurudisha nyingi. Dai upewe vipimo vya zote nne, kabla na baada. Zikitofautiana zaidi ya asilimia chache, hiyo seti haifai.

KUBADILISHA, HATUA KWA HATUA

Gereji moja ya uswahilini nimeona kijana anachomoa mpira wa mafuta injini ikiwa ya moto. Petroli iliruka mpaka kwenye bomba la tabo. Tulikimbia wote, Mungu akasaidia haikushika. Kwa hiyo usiruke hatua hata moja.

1. Injini iwe ya baridi kabisa. Fanyia sehemu yenye hewa, kizima moto kiwe karibu, sigara mbali.
2. Ondoa presha. Chomoa fyuzi au soketi ya pampu ya mafuta, washa gari mpaka izime yenyewe, piga stata tena sekunde chache. Fungua kifuniko cha tangi. Halafu toa waya hasi wa betri.
3. Toa intakula iliyo juu ya injini. Ziba midomo yote iliyobaki wazi kwa kitambaa safi. Nati moja ikidondokea humo umeanza kesi nyingine.
4. Puliza vumbi lote kuzunguka nozeli kabla ya kuzichomoa. Vumbi letu likiingia ndani linakwenda moja kwa moja kwenye silinda.
5. Weka alama kila soketi na silinda yake. Plastiki za zamani ni kavu, zinavunjika, usizivute kwa hasira.
6. Fungua boliti za reli ya mafuta, tandika kitambaa chini (petroli kidogo itamwagika), kisha toa nozeli kwa kuzungusha polepole.
7. Oringi na mipira yote weka mipya. Paka oili safi ya injini kidogo, usipake silikoni. Nozeli iingie kwa mkono. Ikikataa, itoe uangalie, mpira ukikatwa utavuja.
8. Rudisha vitu, kisha fungua swichi bila kupiga stata. Pampu itanguruma kidogo na kunyamaza. Rudia mara tatu nne huku mwenzio anaangalia kwa tochi. Ukiona unyevu wowote, usiwashe.

NOZELI KUBWA ZAIDI?

Hapa ndipo vijana tunapoliwa hela. Nozeli kubwa haiongezi nguvu. Inaruhusu nguvu iongezwe, basi. Ukitoa za cc 440 ukaweka za cc 550 bila kurekebisha kompyuta, unamwaga mafuta asilimia 25 zaidi. Gari itatapika moshi na kuosha oili.

Hesabu iko hivi. Injini ya tabo hula kama pauni 0.6 za petroli kwa saa kwa kila nguvu farasi moja. Unataka farasi 300: 300 × 0.6 = 180. Gawa kwa nozeli 4 upate 45. Hutakiwi kuzifungulia zaidi ya asilimia 80 ya muda, kwa hiyo gawa kwa 0.8 upate 56. Zidisha kwa 10.5 ujue cc kwa dakika: karibu 590.

Sokoni, iwe Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, watakuuzia kwa rangi: "hizi pinki ni za STI." Rangi hupakwa. Soma namba ya spea, na angalia kama mafuta yanaingilia juu au ubavuni, maana hizo mbili haziingiliani.

VITU VYA KUFANYA PAMOJA NAZO

Kubadilisha nozeli bila kuuliza kwa nini ziliziba ni kujidanganya. Badilisha chujio la mafuta. Pima presha: bila mpira wa hewa kwenye regyuleta, iwe karibu psi 43. Ikiwa chini, pampu inachoka, na nozeli mpya zitakuwa na njaa ile ile. Weka plagi mpya, na kama nozeli ilikuwa inavuja, mwaga oili yote.

Halafu petroli yenyewe. Subaru za soko la Japani zilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu, inayouzwa kule ikiwa na oktani 100. Ya kwetu ya kawaida iko chini ya hapo, na ikichakachuliwa na mafuta ya taa inashuka zaidi. Si stori za vijiweni. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, zote kupambana na uchakachuaji. Weka kwenye kituo unachokiamini, na tangi lisikauke, maana uchafu unakaa chini.

Nozeli nne ni hela, najua. Lakini jumlisha injini nyingine, kushusha, kupandisha na wiki mbili za daladala, halafu uamue. Ukisikia inamisi tabo ikisukuma, toa mguu, peleka ikapimwe.

Mafundi mlio na uzoefu, pa kuongeza ongezeni hapo chini. Nawasilisha.