Malezi ya watoto Bariadi

Malezi ya watoto Bariadi ni desturi za kulea katika mji na vijiji vya Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu nchini Tanzania, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Wakazi wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji.

Vijijini mtoto hupewa uhuru mapema. Mvulana huanza kuchunga ndama na mbuzi karibu na nyumbani, baadaye ng'ombe mbali zaidi. Msichana humbeba mdogo wake mgongoni na kuteka maji. Hujifunza kwa kutazama na kutenda, na mtu mzima yeyote jirani anaweza kumkanya. Ni shule nzuri ya kujitegemea. Mjini baadhi ya wazazi humzuia mtoto ndani ya geti kwa kuhofia pikipiki na watu wasiowajua, hata akachelewa kuzoea kutumwa dukani.

Uhuru huo wa vijijini una hatari zake: lambo lisilo na uzio huua, na uchungaji unaomtoa mtoto darasani ni kumdhulumu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za kinyonyaji na imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa.