Mchoraji na Mnyama Wake

Hapa Katoro ng'ombe tunao, punda tunao, pikipiki ndiyo usiseme. Farasi hakuna. Vijana wengi tumemwona kwenye sinema tu. Sababu yake ni mbung'o. Mapori ya Shinyanga na Geita hadi Biharamulo yalijaa wadudu hao, na farasi akishapata nagana hadumu. Miaka ya 1920 Mwingereza Swynnerton aliongoza vita dhidi ya mbung'o huko Shinyanga, Wasukuma wakafyeka vichaka eka kwa eka. Ng'ombe wakapata malisho. Farasi hakuja.

Sasa farasi wa nini hapa? Ngoja, ndugu msomaji. Kuna mtu aliyemfuata mnyama huyu karibu maisha yake yote. George Stubbs alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1724, mtoto wa mtengeneza ngozi. Mwaka 1756 alijifungia kwenye nyumba ya shamba kijijini Horkstow. Kwa miezi 18 hivi akawa anapasua mizoga ya farasi, tabaka baada ya tabaka, huku akichora misuli na mifupa. Harufu yake fikiria mwenyewe. Michoro ile ikatoka kitabu mwaka 1766. Mwaka 1763 alichora hata pundamilia aliyepelekwa kwa Malkia Charlotte. Alifariki 1806, ana miaka 81, bado kazini: safari hii akilinganisha mwili wa mtu, wa chui milia na wa kuku.

Wetu hakupewa miaka hiyo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya vibarua kwenye mkonge Tanga, halafu akaingia Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, mtu mzima tayari. Turubai hakuwa nalo. Alichukua kipande cha silingibodi na rangi ya kupakia baiskeli, akachora chui, tembo, ndege. Picha ziliuzwa Oysterbay, nje ya Morogoro Stores, wanunuzi wengi wakiwa wageni. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu. Miaka minne tu!

Mizoga hakupasua. Chui wake ana madoa yaliyopangwa kama kitenge na macho yanayokukodolea. Ukiuliza mifupa iko wapi, utakuwa umekosea swali. Stubbs alitaka kujua farasi yukoje ndani ya ngozi. Tingatinga alitaka chui aonekane kutoka upande wa pili wa barabara, maana mteja alikuwa anapita. Kila mmoja alimjua mnyama wake kwa njia yake. Wanafunzi wa Tingatinga, akina January Linda na Simon Mpata, waliendeleza kazi, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda ushirika wao.

Nayasema haya kwa sababu kijana wa Katoro akishika brashi, au kalamu, huambiwa aache mchezo aende duarani kama wanaume wenzake. Duara silidharau, limesomesha watu. Lakini dhahabu ya duara lile ikiisha, mchimbaji huhamia duara jingine. Stubbs hakuhama. Tingatinga naye, kwa muda mchache aliopata, hakuhama.

Basi wewe unayetaka kuandika, usisubiri farasi. Tafuta mnyama wako: punda wa maji, mwanamke anayeponda mawe, kelele za karasha usiku. Mrudie leo, mrudie kesho. Rangi ya baiskeli inauzwa dukani.